Muhogo Mchungu: Kichekesho cha mshamba kilichoigizwa na Waziri Mkuu mtarajiwa

Na Mwandishi Wetu, Tunduma

MGENI anayeshuka kwenye basi mjini Tunduma kwa mara ya kwanza hana muda wa kushangaa. Wapiga debe humzunguka, wabadilishaji fedha humwonyesha mabunda ya kwacha na shilingi, na haipiti dakika kabla hajatokea mtu mwema kupita kiasi, mwenye haraka ya kumsaidia kubeba mzigo. Wenyeji humwonya ndugu yao anayetoka kijijini kwa maneno machache: shika mfuko wako, na usimwamini anayekuita jina usilomwambia.

Hadithi hiyo ya mtu wa shamba anayefika mjini na kutapeliwa ni ya zamani kuliko mji wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati Tanganyika ikitawaliwa na Waingereza, ndiyo iliyotengenezewa mojawapo ya filamu za kwanza za vichekesho zilizozungumza Kiswahili. Filamu hiyo iliitwa Muhogo Mchungu.

Ni wachache leo wanaoikumbuka. Lakini kijana aliyeigiza kama mshamba huyo, Muhogo mwenyewe, anakumbukwa na taifa zima, ingawa si kwa uigizaji. Jina lake ni Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye miaka kumi hivi baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika.

Kisa cha filamu hiyo si cha burudani tupu. Kinaonyesha jinsi serikali ya kikoloni ilivyotaka kumcheka mwananchi ili abaki mahali pake, na jinsi mmoja wa waliopewa kazi ya kuchekesha alivyokuja kukamata usukani wa serikali. Aidha, kinaonyesha jambo ambalo si rahisi kulisema: somo lililofundishwa na filamu ile halikuondoka na mkoloni.

SAUTI KWENYE SANTURI

Ili kuielewa Muhogo Mchungu, ni vema kurudi nyuma hadi mwaka 1935. Mwaka huo, huko Vugiri katika milima ya Usambara, ulianza mradi wa majaribio ya sinema kwa Waafrika uliofahamika kwa kifupi cha BEKE. Ulisimamiwa na Waingereza wawili, Meja Leslie Notcutt na Geoffrey Latham, chini ya mwavuli wa baraza la kimataifa la wamisionari, huku sehemu kubwa ya fedha ikitoka Shirika la Carnegie la Marekani. Makampuni ya migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, nayo yalichangia.

Hadi ulipofungwa mwaka 1937, mradi huo ulikuwa umetengeneza filamu zipatazo 35. Nyingi zilihusu kilimo, mifugo na afya. Mojawapo ilifundisha faida ya kuweka akiba katika benki ya Posta badala ya kufukia fedha ardhini.

Picha za BEKE hazikuwa na sauti ndani ya mkanda. Sauti ilirekodiwa kwenye santuri, ikapigwa wakati mkanda ukizunguka, na fundi akawa na kazi ya kuhakikisha kuwa maneno hayatangulii midomo. Utaratibu huo ulikuwa na shida zake, lakini ulikuwa na faida moja kubwa: picha ile ile iliweza kubadilishiwa lugha kwa kubadili santuri tu. Gari la sinema la mradi lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, likiwasemesha watu kwa Kiswahili, Kiganda, Kinyanja, Kibemba na lugha nyingine.

Kwa wengi waliokusanyika mbele ya shuka jeupe usiku ule, ilikuwa mara ya kwanza kumwona mtu kwenye picha akitamka maneno wanayoyafahamu. Hata hivyo, aliyekuwa akisema alikuwa mwalimu, na waliokuwa wakitazama walikuwa wanafunzi. Kicheko kilikuwa kidogo.

JARIBIO LA MWAKA 1951

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mambo yalibadilika. Katika miji yenye majumba ya sinema, Waafrika walikwishaonja filamu za Kihindi na zile za wapiga bastola wa Marekani, na walizipenda. Viongozi wa serikali ya kikoloni walizitazama filamu hizo kwa wasiwasi, wakidhani zinafundisha ujambazi na kumvunjia mzungu heshima. Zile walizotengeneza wenyewe, zenye kueleza namna ya kuchimba choo au kupanda kahawa, watu walizitazama kwa adabu na kuzisahau.

Mwaka 1951 Serikali ya Tanganyika ikajaribu njia nyingine. Iliungana na kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg, iliyokuwa imeanzishwa na tajiri I. W. Schlesinger mwaka 1915, ili kutengeneza filamu za hadithi, za kuburudisha, zenye waigizaji Waafrika na mazungumzo ya Kiswahili. Ndani ya miaka michache zikatoka Muhogo Mchungu, Chalo Amerudi, Meli Inakwenda, Wageni Wema na nyinginezo.

Waigizaji hawakutoka chuo chochote cha sanaa, kwa kuwa chuo hicho hakikuwapo. Walikuwa watu wenye kazi zao. Kawawa, mzaliwa wa Songea aliyesoma Shule ya Serikali ya Tabora, alikuwa karani wa serikali, kisha mtumishi katika idara ya ustawi wa jamii. Alikuwa na sauti nzuri, Kiswahili fasaha na uso usiochoka kubadilika. Akawa mwigizaji mkuu.

Jina la filamu lilichaguliwa kwa ustadi. Wapishi wa nyanda za kusini na pwani wanafahamu kuwa muhogo mchungu haumenywi na kutafunwa ovyo. Ni lazima uvundikwe au ulowekwe, uanikwe na kutwangwa, la sivyo sumu iliyomo humdhuru mlaji. Kwa nje haujitofautishi na ule mtamu. Mtu anayeitwa hivyo anaweza kuonekana mboga rahisi, lakini mwenye pupa ya kumla ajihadhari.

KICHEKO CHENYE MAFUNDISHO

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Mshamba anafika mjini, haelewi mambo, anaamini kila anachoambiwa, na wajanja wa mjini wanamgeuza kitoweo. Mtazamaji wa Dar es Salaam alimcheka kwa sababu alijiona mjanja zaidi yake. Mtazamaji wa kijijini alicheka huku akijifunza kwamba mjini si mahali pa kwenda bila sababu.

Somo hilo la pili ndilo lililokuwa na uzito serikalini. Sensa ya mwaka 1948 ilihesabu wakazi wapatao 69,000 Dar es Salaam. Ile ya mwaka 1957 ilikuta karibu 129,000. Vijana walikuwa wakimiminika kutoka mikoani, nyumba hazikutosha, kazi hazikutosha, na maofisa walikuwa wakiwaita wasio na ajira "wahuni". Polisi waliendesha misako, na waliokamatwa bila kazi walirudishwa makwao.

Kulikuwa na sababu nyingine, ambayo haikutajwa kwenye mabango ya sinema. Mjini ndiko kulikokuwa na vyama vya wafanyakazi, magazeti, na mikutano ya Chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA. Kijijini mwananchi alikuwa chini ya chifu, na chifu chini ya Mkuu wa Wilaya, kwa utaratibu wa utawala usio wa moja kwa moja ambao Waingereza waliujenga kuanzia miaka ya 1920. Siasa zote za mahali, kuanzia kodi hadi kesi za mashamba, zilitakiwa zimalizike barazani kwa chifu. Aliyehamia mjini alitoka nje ya mikono ya mfumo huo. Kwa hiyo, filamu iliyomwambia kijana abaki kijijini ilikuwa filamu ya siasa, hata kama haikumtaja mwanasiasa yeyote.

Jambo hili halikuwa la Tanganyika peke yake. Afrika Kusini mwaka 1949 ilitoka filamu ya Jim Comes to Jo'burg, ambamo kijana wa kijijini anaibiwa mara tu anapofika Johannesburg, kabla ya bahati kumwangukia katika muziki. Upande wa pili wa mpaka wa Tunduma nako kulikuwa na ndugu yake Muhogo. Kitengo cha Filamu cha Afrika ya Kati, kilichoanzishwa mwaka 1948 kuhudumia Rhodesia mbili na Nyasaland, kilitengeneza filamu ya Mulenga anayekwenda mjini na kukumbana na yanayomkuta kila asiyeujua mji.

Tofauti ilikuwa moja. Filamu nyingi za kitengo hicho hazikuwa na mazungumzo. Mtu alisimama kando ya mashine na kueleza kwa lugha ya wenyeji. Muhogo alisema mwenyewe, kwa Kiswahili, lugha iliyoeleweka kutoka pwani hadi Nyanda za Juu Kusini.

Ikumbukwe kwamba mwaka huo huo wa 1951 ndipo Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kutangaza kwa redio. Sasa Kiswahili kilikuwa na redio na sinema kwa wakati mmoja. Watawala walidhani wamepata njia mbili mpya za kuwafikia raia. Hawakufikiri sana kwamba raia nao wangezoea kusikia sauti ya Mwafrika ikizungumza na watu wengi kwa mpigo.

MSHAMBA AINGIA KATIKA SIASA

Jaribio la filamu halikudumu. Baada ya miaka michache lilikoma kwa kuwa halikurudisha fedha zilizotumika. Lakini mwigizaji wake mkuu hakukoma.

Wakati akiigiza, Kawawa alikuwa pia kiongozi katika TAGSA, chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Mwaka 1953 serikali ya Gavana Edward Twining ilitoa waraka wa kuwazuia watumishi wake kujiunga na chama cha siasa, na TANU ilipozaliwa Julai 7, 1954 zuio hilo liliwakumba makarani na walimu wengi. Chama cha watumishi kikawa mahali pekee ambapo mtu wa ofisini angeweza kujifunza uongozi bila kufukuzwa kazi.

Mwaka 1955 liliundwa Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, TFL, na Kawawa akawa Katibu Mkuu wake. Aliacha kazi ya serikali, akajiunga na TANU, na mwaka 1957 akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Mtu aliyelipwa ili aonyeshe kuwa mshamba hawezi mambo ya mjini sasa alikaa meza moja na Gavana.

Mwaka 1960, Julius Nyerere alipounda serikali ya madaraka ya ndani, Kawawa alipewa Wizara ya Serikali za Mitaa na Nyumba. Ndiyo wizara iliyoshughulikia mambo yale yale ambayo filamu yake iliyazunguka bila kuyataja: nani anaongoza kijiji, na nani ana haki ya kuishi mjini.

Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama, na Kawawa akachukua nafasi yake hadi Tanganyika ilipokuwa Jamhuri Desemba mwaka huo. Miezi kumi na moja ile ilibadilisha sura ya utawala nchini. Wakuu wa Majimbo wa kikoloni waliondoka, wakaja Wakuu wa Mikoa walioteuliwa kisiasa. Uchifu, uliokuwa nguzo ya utawala wa Mwingereza vijijini, uliondolewa mamlaka yake ya kisheria kuanzia mwaka 1963.

Mwaka huo wa 1962 ulikuwa na upande mwingine. Serikali iliyoongozwa na kiongozi wa zamani wa wafanyakazi ndiyo iliyopitisha sheria ya kubana migomo, pamoja na sheria ya kuweka watu kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Kawawa alijulikana kwa utekelezaji usiosita, na baadaye alipewa jina la Simba wa Vita. Waliokuwa wamecheka naye kwenye sinema sasa walimwona kwa sura nyingine.

HADITHI ILE ILE, MKONO MWINGINE

Filamu haikutupwa na serikali huru. Mwaka 1968 liliundwa Shirika la Filamu Tanzania, TFC, na katika miaka ya 1970 shirika hilo lilitoa filamu ya hadithi iliyoitwa Fimbo ya Mnyonge. Kisa chake? Kijana anaondoka kijijini kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, mji unamshinda, anarejea shamba na kupata wokovu katika kijiji cha ujamaa.

Msomaji atakuwa ameitambua safari hiyo. Ni njia ya Muhogo Mchungu, isipokuwa mwishoni chifu ameondolewa na kijiji cha ujamaa kimewekwa badala yake. Haikuwa haki kusema filamu hizo mbili zilikuwa na nia moja. Ya kwanza ilitaka kulinda utawala wa kigeni, ya pili ilitaka kujenga nchi ya watu wenyewe. Lakini kwa kijana aliyekaa kwenye benchi akitazama, ujumbe ulikuwa mmoja: rudi shamba.

Wakati huo Kawawa alikuwa Waziri Mkuu kwa mara ya pili, kuanzia mwaka 1972 hadi 1977. Ni katika kipindi hicho mamilioni ya wananchi walihamishiwa katika vijiji kwa Operesheni Vijiji, wengine kwa hiari na wengine kwa kulazimishwa. Ni kipindi hicho pia ambapo, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972, mabaraza ya kuchaguliwa ya miji na wilaya yalivunjwa na kazi zao kuwekwa mikononi mwa watumishi wa serikali. Waziri wa serikali za mitaa wa mwaka 1960 akawa ndiye Waziri Mkuu ambaye chini yake serikali hizo zilizimwa. Zilirejeshwa kikamilifu mwaka 1984, baada ya sheria mpya za mwaka 1982.

Hata msako wa "wahuni" ulirudi. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliruhusu wasio na kazi mijini kukusanywa na kupelekwa vijijini. Waliokumbwa nayo walikuwa watoto wa wale waliomcheka Muhogo.

MPAKANI LEO

Katika historia hiyo, Tunduma ina nafasi ya pekee kwa sababu karibu kila mkazi wake, au mzazi wake, aliwahi kuwa Muhogo. Mji huu haukuzaliwa na chifu wala na ofisi ya Mkuu wa Mkoa. Ulizaliwa na barabara inayovuka kwenda Nakonde, ukakua reli ya TAZARA ilipofika mwaka 1973, wakati Kawawa akiwa Waziri Mkuu, ikielekea Kapiri Mposhi. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta chini ya watu laki moja. Ile ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya laki mbili. Hawa ni vijana kutoka Momba, Mbozi, Ileje na mbali zaidi, ambao waliambiwa na kila utawala kwamba mji si wao, wakaja hivyo hivyo.

Mkoa wa Songwe wenyewe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na mji ukawa na halmashauri yake. Kila baada ya miaka mitano, kama ilivyokuwa mwaka 2019 na 2024, hufanyika uchaguzi wa serikali za mitaa, na wanaogombea uenyekiti wa mtaa husikika wakiahidi soko, maji, na vita dhidi ya matapeli wa stendi. Baraza ambalo wananchi wanaliuliza maswali leo ni lile lile lililowahi kufutwa kwa miaka kumi na miwili. Si busara kulichukulia kama kitu kilichokuwapo tangu awali.

Wasanii nao wameendelea kuvuka kwenda siasani bila kulazimika kuacha majina yao. Jirani hapa Mbeya Mjini, mwanamuziki Joseph Mbilinyi, maarufu kwa jina la Sugu, alikuwa mbunge kuanzia mwaka 2010 hadi 2020. Mwenzake Joseph Haule, Profesa Jay, aliiwakilisha Mikumi kuanzia mwaka 2015 hadi 2020. Watu walipowabeza kwamba wanamuziki hawana uzoefu wa utawala, wachache walikumbuka kwamba Waziri Mkuu wa pili wa nchi hii alikwishajulikana kama mshamba wa kwenye filamu.

Na mshamba mwenyewe hajafa. Alipita redioni, akapita jukwaani, akaingia kwenye mikanda ya video na sasa yumo katika simu za mkononi. Bado anashuka kwenye basi, bado anauliza njia kwa mtu asiyefaa, na bado watazamaji wanaangua kicheko. Kinachostahili kuulizwa kila kicheko hicho kinaposikika ni kile kile cha miaka ya 1950: nani ametunga kichekesho, na anataka aliyechekwa aende wapi?

Kawawa alifariki dunia Desemba 31, 2009, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80. Katika maisha hayo aliwahi kuwa yule anayeambiwa arudi shamba na yule anayewaambia wengine warudi. Muhogo ule ule, kwa mpishi tofauti, unaweza kuwa chakula au sumu. Wapiga kura wa mitaa ya Tunduma, ambao ni wageni waliokataa kurudi, ndio wapishi wa zamu hii.